Mwalimu Aliyetuliza Kikombe

Ukiingia kwa Mwalimu ukaiita mashine ya kufua nguo roboti, umejitafutia balaa mwenyewe. Hakufukuzi. Atakupa kiti, akuletee maji ya baridi, angoje umalize kunywa, kisha aanze: "Haya, hebu niambie. Hiyo mashine yako yajuaje kuwa nguo zimetakata?" Utasema haijui, inazunguka tu mpaka muda wake uishe. "Basi hiyo ni feni iliyotiwa maji," atakujibu, na mjadala umefungwa. Nimeona watu wazima wakitoka pale wakiwa hawana tena hamu ya kukiita kitu chochote jina lolote.

Mimi alinisomesha fizikia katika shule moja ya Kizingo. Wenzangu walishushwa langoni kwa magari, mimi nikija kwa miguu kutoka kota za reli, maana baba yangu ni mtu wa bara aliyekuja Mombasa kwa kazi ya treni. Kwa hiyo akaniita Mwana wa Reli, na hajawahi kuniita vingine hata sasa, nikiwa na mvi za ndevu na kazi yangu ya umeme wa kreni bandarini. Yeye tulimwita Mwalimu tu. Mtaa mzima unamwita hivyo, na mumewe pia.

Alipostaafu, darasa alilihamishia ukumbi wa chini wa nyumba yao, Mji wa Kale, vichochoro vichache kutoka Ngome ya Yesu. Jumamosi baada ya sala ya alasiri mlango huwa wazi kwa kila mtoto anayetaka kujua roboti hufanyaje kazi. Waongoza watalii hupita pale na wageni wao, husimama kuusifu ule mlango kwa umri usio wake, na Mwalimu hupaza sauti kutoka ndani, kwa Kiingereza safi cha darasani, kwamba mlango huo aliutia yeye na fundi aliyeuchonga bado yu hai. Waongoza watalii hawampendi hata kidogo, nami siwalaumu.

Nasema haya kwa kicheko, lakini kwa miaka hii ya karibuni Mwalimu alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha, na yeyote aliyeingia nyumba ile alilijua. Mumewe alikuwa hashuki tena barazani.

Mzee ni karani wa forodha aliyestaafu, mtu mpole, mwenye kanzu zilizonyooshwa pasi hata za kushindia nyumbani. Kwa miaka na miaka, kila alasiri, alikaa kwenye baraza ya mawe nje ya nyumba na wanaume wenziwe wa mtaa, wakanywa kahawa chungu na kuisahihisha dunia. Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukamshika mkono wa kulia, ukaja wa kushoto, ukaingia mpaka kooni, na sauti yake ikawa ndogo hata ukitaka kumsikia sharti umwinamie. Siku moja kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagikia jirani yake kwenye kanzu nyeupe. Walimpangusa jirani, wakaendelea na habari zao kama kwamba hakikutokea kitu, na nadhani huruma ile ndiyo iliyomuumiza zaidi. Akapanda juu. Tangu siku hiyo akawa anasingizia magoti.

"Kupona ni kwa Mwenyezi Mungu," Mwalimu aliniambia siku aliyoniita kunieleza. "Simdai daktari miujiza. Lakini kushuka hizi ngazi akanywa kahawa yake na wenziwe, hilo li juu yangu. N'tamshusha."

"Kwa roboti?" nikauliza.

"Wataka nimshushe kwa kamba?"

Ili uelewe alivyokusudia kumshusha, ni lazima kwanza uelewe anavyofundisha. Roboti kwake ina mambo matatu, na la nne ni chakula. Kwanza vihisi, vinavyoleta habari: mwanga upo au haupo, ukuta u karibu au mbali, kitu kimesimama au kimeinama. Pili kompyuta ndogo, inayopokea habari hizo ikaamua la kufanya kwa kufuata amri alizoiandikia mtu. Tatu mota, zinazotenda kilichoamuliwa, zikageuza gurudumu au kuinua mkono. Chakula ni betri. Vyote hivyo hubebwa na mwili wa bati, mbao au plastiki, na mwili huo yeye haupi heshima yoyote. Roboti zake nyingi zimevaa makopo ya maziwa ya unga.

Anachokiheshimu ni mzunguko. Kihisi kilete habari, kompyuta iamue, mota itende, halafu, na hapa hugonga meza kwa bisibisi, kihisi kitazame tena: nilichofanya kimefaa? Kama hakikufaa, irekebishe, itazame tena, irekebishe tena, mara nyingi kabla wewe hujapepesa jicho. Kitu kisichoitazama kazi yake mwenyewe kinabaki mashine, na Mwalimu hana ugomvi na mashine, ila hataki zivishwe cheo kisicho chao.

Jambo moja halivumilii kabisa, nalo ni kusema kamera ni macho, kompyuta ni ubongo na mota ni misuli. Msichana mmoja mgeni aliwahi kusema hivyo, kwa furaha kabisa, akidhani atasifiwa.

"Ukishasema ina mato, mwanangu," Mwalimu akamwambia, "kesho utataka ione haya. Haina mato. Ina kipande kinachopokea mwanga, basi. Ijue ilivyo, ndipo utajua wapi itakukosea."

Msichana akainamisha kichwa. Mwalimu akamwongezea kaimati, na huo ndio uombaji radhi wake.

Usidhani kwamba alikuwa hakosei. Alikosea, ila hakukubali kwa njia ambayo mtu wa kawaida angeitambua. Juu ya nyumba yao kuna tangi la maji, na maji ya bomba yanapokuja, pampu hupandisha mpaka tangi lijae, kisha boya linaloelea ndani linainuka na kuizima pampu lenyewe. Je, hiyo ni roboti? Kwa miaka alisema si roboti, na tuliothubutu kubisha tulizimwa pamoja na pampu. Halafu Jumamosi moja, katikati ya somo, akasema kwa utulivu kwamba pampu ya tangi ni roboti changa, jamaa ya mbali: boya linahisi maji, swichi inaamua, pampu inatenda, na maji yakipungua boya linajua. Nikamkumbusha maneno yake ya zamani. Akanitazama kwa mshangao wa dhati. "Mimi? Niseme hivyo? Umeota, Mwana wa Reli." Nusura nimwamini.

Somo lake la kwanza huwa ni mchezo, na huchezwa nje kichochoroni. Watoto watatu wanakuwa roboti moja. Mmoja anafungwa macho kwa leso: huyo ndiye mota, hatembei wala hageuki ila kwa amri. Mwingine ni kihisi: anaona njia, lakini anaruhusiwa maneno mawili tu, "wazi" na "kizuizi". Wa tatu ni kompyuta: amegeukia ukutani, haoni kitu, anasikiliza kihisi na kutoa amri kwa mota kulingana na kanuni aliyokaririshwa. Siku alipotuleta kwake kutuchezesha sisi, tulipokuwa bado wanafunzi wake wa shule, mimi nilikuwa mota. Kihisi wetu alikuwa msichana mwepesi wa kucheka. Tulipofika nyumba ya mama anayepika mahamri alishikwa na kicheko, asiweze kusema lolote, na kompyuta wetu, kwa kuwa hakupata habari mpya, akaendelea na amri ya mwisho: mbele, mbele, mbele. Nikaingia kwa mguu wa kulia kwenye beseni la unga uliokwisha kandwa.

Mama wa mahamri alisema mengi. Mwalimu alimlipa, akatugeukia akiwa amefurahi kupita kiasi. "Mmeona? Hakuna aliyekuwa mjinga hapa. Mota imetii, kompyuta imetii. Roboti ikikosa habari haisimami ikafikiri, yaendelea na ya mwisho iliyoambiwa. Sasa niambieni, kanuni gani ilikosekana?" Tukamjibu, huku nikichambua unga vidoleni, kwamba tungemwambia kompyuta asimame akikosa habari. Mpaka leo, ninapokagua kreni bandarini, jambo la kwanza ninalolitazama ni kama inajua kusimama ikikosa habari.

Kuna harusi ambayo watu wa mtaa bado wanaisimulia. Harusi za kwao wanaume hukaa upande wao na wanawake wao, na vyakula hupikwa upande wa wanawake, kisha kazi ikawa ni nani ayapeleke masinia upande wa pili. Mwalimu akatengeneza kigari cha kubeba sinia. Alibandika utepe mweusi sakafuni, kutoka ua wa jikoni, kupita ukumbini, mpaka mlango wa wanaume. Chini ya kigari alitia taa ndogo na vihisi vya mwanga. Sakafu nyeupe inarudisha mwanga, utepe mweusi unaumeza, na kigari kwa kulinganisha hayo mawili kinajua kama kimo njiani au kimepotoka. Kwa siku kadhaa alikijaribu nyumbani na jirani zake, wote wamejifunga leso zao za maua, na kigari kikaenda na kurudi bila kosa.

Siku ya harusi wageni waliingia wamevaa mabuibui. Sisi wanaume tulikaa upande wetu na njaa yetu, tukinusa pilau isiyofika, tukisikia mayowe ambayo hayakuwa vigelegele. Kumbe kigari kilipofika ukumbini kilikutana na shangazi yake bwana harusi, buibui lake linafagia sakafu, na weusi ule ulikuwa mpana na mzuri kuliko utepe. Kikamfuata. Akiharakisha, nacho kinaharakisha. Alizunguka ukumbi mzima akifukuzwa na pilau, mpaka akapanda juu ya kochi. Wanawake walioshuhudia wanasema Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na alipoweza kusema alisema, "Msikipige! Hakina makosa. Kimeambiwa kifuate cheusi. Makosa ni yangu mie, nimekipima nimevaa leso." Pilau tulikuja kuletewa na binadamu, ikiwa imepoa.

Huyu mtu wa vihisi na mota hana blenda nyumbani kwake. Bizari anaitwanga kwenye kinu na nazi anaikuna kwa mbuzi, na ukimuuliza kwa nini, atakwambia mashine haionji. Lifti haipandi, alikwenda kumwona mgonjwa katika hospitali moja ya ghorofa nyingi, akapanda ngazi zote kwa mkongojo wa mtu mwingine. Hairuhusu roboti ya darasani ipewe jina wala ichorwe uso, kwa hoja ile ile ya haya. Na bado nimemsikia kwa masikio yangu, akidhani yuko peke yake, akiibembeleza mota iliyogoma: "Haya mama, haya kipenzi, zunguka kidogo tu." Nikakohoa. Akaigonga mota kwa koleo kana kwamba ndiyo kazi aliyokuwa akifanya tangu mwanzo.

Na harufu yake! Ukumbi ule unanuka solda inayoyeyuka, na yeye mwenyewe ananuka asumini, kwa kuwa hakosi kikuba cha maua kifuani hata siku ya kulehemu waya. Nilipokuwa kijana nilidhani roboti zote duniani hunuka asumini.

Vifaa vyake huvitoa popote. Mota za printa zilizokufa, magurudumu ya vigari vya watoto, betri za taa. Mafundi wa simu wa mjini wanamjua, wakimwona anakuja huvuta boksi la simu zilizovunjika bila kuulizwa. Anachotafuta humo ni kidude kidogo, hakifiki ukucha wa mtoto, kile kinachojua simu imelala au imesimama ndipo picha ikageuka. Kidude hicho huhisi kila mwendo na kila kuinama. Alipoanza kazi ya Mzee, alinunua simu nyingi sana zilizokufa.

Alichokitengeneza kilikuwa kishikio cha kukamatwa kwa mkono, kinene kiasi cha ndizi, na mbele yake pete ya mpira ambamo kikombe cha kahawa hukaa, vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Ndani mlikuwa na kidude cha simu, kompyuta yenye ukubwa wa biskuti, mota mbili na betri. Mkono ukitupwa kushoto, kidude kinasema, kompyuta inaamua, mota inapeleka pete kulia kiasi kile kile. Mkono unatetemeka, kikombe kinabaki mahali pake. Ukikisikiliza hivi chaonekana chepesi.

Cha kwanza kilichelewa. Habari ilifika, uamuzi ukatoka, lakini mota ilipotenda mkono ulikuwa umekwisha geuka, ikawa kikombe kinatetemeka mara mbili, mara kwa ugonjwa na mara kwa dawa. Cha pili kilikuwa kizuri kupita kiasi. Kiliambiwa kisiruhusu kikombe kiiname, nacho hakikuruhusu. Mzee alikileta mdomoni, akainamisha mkono anywe, na kikombe kikabaki wima, kimekataa katakata. Akainamisha zaidi, kikakataa zaidi. Mwishowe akainama yeye, akapeleka midomo kwenye kikombe, shingo imepinda. Kisha akakiweka mezani taratibu, akasema kwa ile sauti yake ndogo, nami niliyekuwa karibu nikaisikia, "Mwalimu, mimi si darasa lako." Akaenda kutawadha.

Sijapata kumwona Mwalimu amevunjika kama siku ile. Alikifunga kishikio ndani ya leso akakitia kabatini, na Jumamosi mbili zilizofuata alifundisha mambo ya betri kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Nilihofia kwamba amekata tamaa, na kwamba Mzee atabaki juu, siku moja baada ya nyingine, akisikiliza maisha yake yakiendelea chini ya dirisha bila ya yeye kuwamo. Nilimhurumia yeye na mumewe.

Kisha akanipigia simu kazini, jambo asilolifanya. "Sikiza," alisema bila hata salamu, na kwake kuacha salamu ni kitu kikubwa. "Kutetemeka ni kwepesi, tena kwaenda na kurudi. Kutaka kunywa ni kwa polepole, na kwaenda upande mmoja. Kidude chaona yote mawili. N'likuwa nayazima yote mimi, kwa pupa yangu. Natakiwa nizime jepesi, nipishe la polepole."

Aliiandikia kompyuta amri mpya. Walijaribu juu chumbani kwa maji, kisha kwa chai, Mzee akinung'unika lakini akikaa. Kikombe kilitulia, na kilipotakiwa kuinama kikainama. Siku moja Mzee alikunywa chai yote, akakitazama kishikio kwa muda, akauliza kanzu yake ya Ijumaa iko wapi.

Hiyo ndiyo siku ninayotaka kumalizia nayo, maana ndiyo mara ya karibuni nilipokaa na Mwalimu kwa kirefu, na ndiyo niliyomwona vizuri kuliko zote.

Wanawake hawakai baraza ile. Mwalimu anabishana na ulimwengu mzima, lakini kwa hilo hajawahi kubishana, na isitoshe alijua kwamba akitokeza kichwa tu Mzee atahisi anapimwa. Kwa hiyo akanituma mimi. "Nenda ukae nao. Usimtazame mkono. Mtazame uso, uso ndio utakwambia." Yeye akabaki juu nyuma ya dirisha la mbao, ambapo unasikia kila kitu cha chini na huoni chochote.

Mzee alishuka akiegemea ukuta. Wanaume walisogea wakampa nafasi kama kwamba aliondoka jana. Aliyekuwa na dele la kahawa siku hiyo ni yule yule jirani aliyewahi kumwagikiwa. Mzee akatoa kishikio mfukoni, akapachika kikombe, akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa unatetemeka vibaya, pengine kwa haya pia. Kikombe kilisimama. Jirani akamimina, halikudondoka hata tone, na Mzee akakipeleka mdomoni akanywa, akafumba macho. Nilitamani kupiga kelele. Wanaume wakaanza kugombana juu ya mpira kwa sauti kubwa isiyo ya lazima, na nikawapenda kwa hilo.

Akamiminiwa tena, akanywa. Akawa ametosheka. Sasa, katika nyumba hizi zenye asili ya Uarabuni wana desturi yao ya kahawa: ukitosheka husemi. Unakitikisa kikombe kidogo mbele ya mwenye kumimina, naye anajua. Usipotikisa, anaongeza, na akiongeza hupaswi kukirudisha kikiwa na kitu. Mzee akatikisa. Kishikio kikahisi mwendo mwepesi wa kwenda na kurudi, kikafanya kazi yake, na kikombe kikasimama kimya mbele ya jirani, kikiomba. Jirani akamimina.

Mzee akakitazama kikombe. Akanywa, akatikisa kwa nguvu zaidi. Kikombe kikatulia zaidi. Jirani, mtu wa adabu, akamimina. Nilielewa papo hapo kinachotokea. Nikautazama uso kama nilivyoagizwa. Nikaona mshangao, kisha kitu kibaya zaidi, ile haya ya zamani ikimrudia, na macho yake yakaenda kwenye mlango na ngazi. Nikajua akipanda safari hii hashuki tena. Akanywa. Akatikisa mkono mzima mpaka mkono wa kanzu ukapepea. Jirani akainua dele.

"Basi!"

Sauti ilitoka kavu, imepasuka, lakini ilitoka. Mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni wake alisimama.

"Basi, bwana! Wataka kuniua?"

Jirani alibaki na dele hewani. Kisha akaanza kucheka, na wengine, na Mzee akawatazama mmoja mmoja, akaona hakuna huruma usoni mwa yeyote, akacheka naye mpaka machozi yakamtoka.

"Miaka yote hii hatukukusikia," jirani akamwambia, "na neno la kwanza ni la kunigombeza!"

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, mikono yote miwili imeshika mbao.

"Nani huyo aliyepiga kelele?"

"Mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wako, Mwalimu."

Akakaa kitandani. Nikamweleza, na kabla sijafika mwisho alikwisha kuelewa. "Kutikisa," alisema. "Kahawa nimeinywa tangu utotoni, na kutikisa sikukufikiria." Mimi, fundi wa umeme, tayari nilikuwa na dawa. Akipanda tu nitatia kitufe pale penye kidole gumba. Akitaka kutikisa akibonyeze, mota zilale kidogo, atikise apendavyo, mambo yaishe. Ni kazi ndogo. Nikanyoosha mkono kwenye boksi lake la vifaa nichague bisibisi, naye akanipiga kofi la mkononi, kofi la kweli.

"Usikiguse kishikio."

"Lakini kina kasoro, Mwalimu."

"Najua kina kasoro, si nimekitengeneza mimi?" Alikuwa analia, wala hakujificha. "Daktari alimwomba apaze sauti kila siku, ndiyo dawa ya koo lake. Hakutaka. Mimi nilimwomba, nikampigia magoti. Hakutaka. Leo amelazimika. Ukimpa kitufe, atatikisa, arudi kunyamaza. Kiwache hivyo hivyo."

Nikakaa karibu naye, na mkono wangu ukiniwasha nikaanza kumwambia kwamba kwa maisha yangu yote sijapata kumwona akiacha kitu kikiwa na makosa. Sikumaliza. Chini, bila shaka jirani alikuwa amelijaribu tena dele lake, kwa utani sasa, maana sauti ya Mzee ilipanda mpaka kwetu, kali na yenye uhai, ikimkatalia mbele ya watu wote. Mwalimu akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, apate kuisikia.